Ubia kati ya Kampuni za Afrika na za Asia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafanyabiashara wa Lamu na Malindi

Maswali haya ndiyo ambayo wafanyabiashara wa Amu (yaani mji wa Lamu), Mpeketoni, Malindi na Magarini huyauliza kila wanapofikiwa na mnunuzi au mwekezaji kutoka China, India, Vietnam, Japani au nchi za Ghuba. Majibu yamekusudiwa mtu mwenye biashara iliyosajiliwa, au anayejiandaa kuisajili, na anayetaka kujua atapata nini na atatoa nini kabla hajatia saini. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: faida ya ubia wa namna hii hupimwa kwa kile kinachobaki pwani baada ya shehena kuondoka, yaani ujuzi, hisa, mashine na jina la bidhaa. Kiasi cha mali kilichosafirishwa peke yake si kipimo cha kutosha.

Ubia ni nini, na unatofautianaje na kuuza mali tu?

Katika kuuza, mnunuzi hulipa, huchukua mzigo wake, na mambo yamekwisha hadi msimu mwingine. Ubia huanza pale pande mbili zinapoweka kila mmoja kitu chake katika kazi moja, iwe ni fedha, mashine, ujuzi, leseni au wateja, na kukubaliana kwa maandishi jinsi watakavyogawana faida, hasara na mamlaka ya kuamua. Ubia unaweza kuchukua sura ya kampuni mpya yenye wanahisa wa pande zote mbili. Unaweza pia kuwa wa leseni, ambapo kampuni ya Asia humruhusu mwenzake kutumia teknolojia yake, au ukawa wa uwakala wa kuuza na kutengeneza bidhaa, bila kuanzisha kampuni yoyote mpya. Anayekuja Kizingitini na fedha taslimu kununua kamba wa mawe kwa kilo ni mnunuzi, hata akijiita mbia. Hakuna ubaya kuwa mnunuzi. Ubaya ni mvuvi kumpunguzia bei kwa kutarajia fadhila ya baadaye ambayo haikuandikwa popote.

Je, uhusiano wa namna hii ni mgeni katika pwani yetu?

Si mgeni hata kidogo. Malindi ilimpeleka twiga hadi kwa mfalme wa China mnamo 1415, katika zama za safari za baharia wa China Zheng He, na kwa karne nyingi majahazi ya Lamu yalipakia boriti za mikoko kwenda Ghuba, yakarudi na tende, mazulia na vyombo, yakifuata kaskazi na kusi. Biashara ya boriti kwenda nje ilikoma serikali ilipoipiga marufuku mwaka 1982, na familia nyingi za Lamu zilikosa riziki kwa sababu soko lao lilikuwa la bidhaa moja, ikiuzwa ghafi, bila kazi nyingine yoyote kuongezwa juu yake. Historia hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayeingia ubia leo akiwa na bidhaa moja tu mkononi.

Kampuni ya Afrika inafaidika nini hasa?

Watu wengi hutaja mtaji kwanza. Mtaji ni muhimu, lakini unaweza kupatikana pia benki. Kinachopatikana kwa shida zaidi ni ujuzi wa kutengeneza kitu kwa kiwango kinachokubalika duniani, na hapa ndipo washirika wa Asia wamekuwa na mchango mkubwa.

Mfano ulio karibu nasi ni wa vyandarua. Mwaka 2003 kampuni ya Japani ya Sumitomo Chemical iliipa A to Z Textile Mills ya Arusha teknolojia ya Olyset, ambayo huchanganya dawa ya kuua mbu ndani ya uzi wenyewe ili chandarua kidumu kwa miaka bila kuchovywa tena. Teknolojia hiyo ilitolewa bila kudai malipo ya haki ya kuitumia, na baadaye pande hizo mbili zikaunda kampuni ya pamoja. Matokeo yake ni kwamba chandarua kilichohitajika Afrika kilitengenezwa Afrika, na maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wakapata ajira hapo Arusha. Kwetu sisi wa pwani, ambako malaria tunaijua vizuri, faida ya mpango ule haikuwa ya wanahisa peke yao.

Mfano wa pili ni wa Uganda, nao unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu unaonyesha ubia tangu kuzaliwa hadi kuachana. Wafanyabiashara wa Kampala waliokuwa wakiagiza dawa za Cipla kutoka India waliona kwamba hawawezi kubaki waagizaji daima. Mwaka 2005 waliingia ubia na Cipla, na mwaka 2007 kiwanda cha Quality Chemical Industries kikazinduliwa Luzira kutengeneza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI na dawa za malaria. Mwaka 2010 kiwanda kilipata idhini ya Shirika la Afya Duniani, jambo lililokiwezesha kuuza kwa mashirika makubwa yanayonunua dawa kwa ajili ya nchi nyingi. Mwaka 2018 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la hisa la Uganda, na mwaka 2023 Cipla ikauza hisa zake, zaidi kidogo ya nusu ya kampuni, kwa mwekezaji wa Kiafrika. Cipla iliondoka, lakini kiwanda, wakemia waliofunzwa na vibali vyote vilibaki Luzira. Mtu akiniuliza ubia uliofanikiwa unafananaje, huo ndio ninaomtajia.

Faida nyingine zipo, ingawa hazihitaji maelezo marefu: kupata soko ambalo peke yako usingelifikia, kununua mashine kwa bei ya kiwandani, na kulazimika kuweka hesabu zinazokaguliwa. Hiyo ya mwisho huonekana kama usumbufu, lakini ndiyo inayomwezesha mfanyabiashara wa Malindi kukubaliwa mkopo mkubwa zaidi miaka miwili baadaye. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mbia wa mbali hana njia ya kukuamini isipokuwa daftari.

Na kampuni ya Asia inafaidika nini? Kwa nini isije peke yake?

Swali hili ni muhimu kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa asiyejua mwenzake anahitaji nini hawezi kujadili bei ya mchango wake mwenyewe. Kampuni ya Asia hutafuta soko linalokua, malighafi, na mahali pa kuzalisha karibu na mteja. Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ambalo biashara chini yake ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021, limeongeza mvuto huo, kwa maana bidhaa iliyotengenezwa Kenya na kutimiza masharti ya chimbuko, yaani ya kuthibitisha ilikotengenezwa, inaweza kuuzwa katika nchi nyingine za bara kwa ushuru uliopunguzwa au bila ushuru.

Lakini fedha pekee hazimfundishi mtu soko. Kampuni ya Transsion ya China, inayotengeneza simu za Tecno na itel, ilianza kuunganisha simu Ethiopia mwaka 2011 na ikajifunza kwa wateja wa Afrika mambo ambayo wengine waliyapuuza: laini zaidi ya moja katika simu moja, betri inayokaa, na kamera inayopiga vizuri picha ya mtu mweusi. Vilevile, Ethiopia ilipofungua sekta yake ya simu mwaka 2021, leseni ilichukuliwa na muungano ulioongozwa na Safaricom, na ndani yake ikiwemo Sumitomo Corporation ya Japani. Wajapani walikuwa na mtaji, nayo Safaricom ilikuwa na uzoefu wa kuendesha mtandao na huduma ya fedha kwa simu katika nchi jirani. Huduma zao zilianza rasmi Oktoba 2022.

Uhusiano unaweza pia kwenda kinyume na mazoea, Mwafrika akawa ndiye mwenye mali na Mwasia akawa ndiye aliyeajiriwa. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Dangote huko Lekki, Nigeria, kilichoanza uzalishaji mwaka 2024 na chenye uwezo wa kusafisha mapipa 650,000 kwa siku, kampuni ya Engineers India Limited ilipewa kazi ya usimamizi wa uhandisi, huku sehemu kubwa ya umiliki ikiwa ya Dangote.

Haya ni mambo ya makampuni makubwa. Mfanyabiashara wa kadiri wa Lamu ana nafasi gani?

Ana nafasi, ila asianze na kiwanda. Nafasi iliyo karibu zaidi ni ya uwakala wenye mafunzo. Mashua nyingi za uvuvi Lamu zinaendeshwa kwa mashine za Japani, hasa Yamaha, na kila mvuvi anajua gharama ya kukaa wiki moja bandarini akisubiri kipuri kutoka Mombasa. Mkataba wa uwakala unaomtaka muuzaji kuweka akiba ya vipuri Amu na kuwafunza mafundi vijana wawili au watatu kila mwaka ni ubia mdogo wenye faida kubwa, na wenye kampuni huukubali kwa urahisi kwa sababu mashine inayotengenezeka ndiyo inayonunuliwa tena.

Nafasi ya pili ni ya vyama vya ushirika na vikundi vya usimamizi wa fukwe. Mnunuzi wa Asia anayetaka tani, tena kila wiki, hawezi kuzungumza na mvuvi mmoja mmoja. Akizungumza na kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na kumbukumbu za mavuno, bei hubadilika. Kikundi nacho kinaweza kudai alipie jokofu au mtambo wa barafu kama sehemu ya mchango wake. Jambo hilo humgusa pia mvuvi aliyefungwa na tajiri wake kwa deni la nyavu na mafuta, kwani mwenye barafu ana muda wa kungoja bei, na asiye nayo huuza jioni ileile kwa bei anayotajiwa.

Nani hubeba hasara mali inapoharibika au kufa njiani?

Anayebeba ni yule ambaye mkataba unasema abebe, na mkataba ukinyamaza, kwa kawaida huwa ni mtu wa kwetu. Tuchukue kaa wa mikoko, ambaye masoko ya Asia humtaka akiwa hai. Hufungwa magando kwa kamba, akapangwa katika katoni yenye matundu pamoja na kitambaa au gunia lililoloweshwa, na akiwekwa penye ubaridi na unyevu huishi siku kadhaa nje ya maji. Katika siku hizo hupoteza maji, na uzito wake hupungua. Aliyepimwa kilo moja Lamu hatakuwa kilo moja akifika, na katika kila katoni huenda mmoja au wawili wakafa.

Kwa hiyo mkataba wa kaa wenye mstari mmoja unaosema bei kwa kilo ni mkataba usiokamilika. Unatakiwa useme mzani unaohesabiwa ni wa wapi: wa kituo cha kukusanyia, wa uwanja wa ndege au wa ghala la mnunuzi ng'ambo. Useme upungufu wa uzito wa kiasi gani unakubaliwa, kaa waliokufa wanathibitishwa vipi, kwa picha au kwa cheti cha mkaguzi, na ndani ya saa ngapi baada ya kupokelewa. Useme pia ni nani atakayeamua kwamba kaa fulani hana nyama ya kutosha kwa kuwa amejivua gamba karibuni, maana hiyo ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi zaidi ya kukata malipo, na mtu aliye Lamu hana namna ya kuipinga ikiwa ukaguzi ulifanyika ng'ambo peke yake. Ushauri wetu ni kwamba mbia amlete mkaguzi wake Lamu, akague na kukataa hapahapa, na kinachoondoka uwanja wa ndege wa Manda au kinachopanda lori la kwenda Mombasa kiwe kimekwisha kuwa mali yake.

Suala la msimu nalo liandikwe. Wakati wa kusi bahari huchafuka na mashua ndogo hazitoki nje ya miamba kwa siku nyingi. Mkataba unaoahidi kiasi kilekile kila mwezi wa mwaka umeandikwa na mtu asiyeijua bahari yetu, na anayeutia saini anaahidi kisichowezekana.

Ni bidhaa zipi za pwani zinazofaa kwa ubia?

Korosho ndiyo ninayoitilia uzito mkubwa zaidi. Afrika Mashariki na Magharibi huvuna korosho nyingi sana, lakini sehemu kubwa hubanguliwa India na Vietnam. Kenya ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi mwaka 2009, hatua iliyokusudiwa kuleta ubanguaji nyumbani, ingawa marufuku peke yake haijengi kiwanda, na wakazi wa Kilifi waliokiona kiwanda chao kikifungwa katika miaka ya 1990 wanalijua hilo. Vietnam imejifunza kubangua na pia kuunda mashine zenyewe, ndogo na kubwa. Ubia unaofaa hapa ni wa mashine pamoja na fundi atakayekaa walau misimu miwili, kwa sababu ugumu wa korosho uko katika kupasua ganda bila kuvunja kiini na bila mafuta ya ganda, ambayo huunguza ngozi, kumgusa mfanyakazi au kuchafua kiini. Korosho nzima na iliyovunjika hazina bei moja, na tofauti hiyo ndiyo faida au hasara ya kiwanda.

Simsim ya Lamu ina soko tayari, kwa kuwa China ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa zaidi wa simsim duniani. Shida yake ni mchanga, unyevu na mbegu za rangi tofauti zilizochanganyika. Mashine ya kusafisha na kuchambua ikiwa Mpeketoni, mkulima atalipwa kwa kilo safi. Nazi, embe na chumvi ya Magarini zina nafasi zake pia. Samaki na viumbe wa baharini wanahitaji tahadhari, hasa jongoo bahari, ambaye hukua polepole na ambaye soko la Asia linaweza kummaliza kabla hatujajua idadi yake. Kwa bidhaa kama hiyo, ubia wa ufugaji pekee ndio unaotetewa.

Ni vibali gani vya bidhaa vinavyohitajika?

Mazao ya shamba huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na samaki huhitaji cheti cha afya kutoka kwa mamlaka ya uvuvi. Tangu tarehe 1 Januari 2022 China inataka viwanda vya chakula vya nje viwe vimesajiliwa na idara yake ya forodha kabla ya kuuza huko, na usajili huo hufuatiliwa vizuri zaidi mbia wa China akishiriki, hivyo uwe katika orodha ya majukumu yake. Mwezi huohuo Kenya na China zilitia saini Mombasa itifaki zilizohusu parachichi na mazao ya majini, na parachichi mbichi za Kenya zilianza kwenda China mwezi wa Agosti 2022. Njia ikishafunguliwa kwa zao moja, zao la pili hupita kwa urahisi zaidi.

Nitamjuaje mwenzangu kuwa ni kampuni ya kweli?

Omba namba yake ya usajili na uikague mwenyewe. Kila kampuni ya China ina namba moja ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18, ambayo huangaliwa katika rejista ya umma ya serikali. Ya India ina namba yenye herufi na tarakimu 21 katika rejista ya Wizara ya Masuala ya Kampuni. Na ya Dubai ina leseni ya biashara. Jina lililo katika rejista lifanane na jina la mwenye akaunti ya benki. Ikitokea barua pepe inayosema kwamba akaunti imebadilika, usitume wala usipokee chochote kabla ya kupiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, kwani wizi wa aina hiyo umewaangusha wafanyabiashara waangalifu sana. Na yeye pia ana haki ya kukukagua: awe na cheti chako cha usajili, namba ya mamlaka ya mapato (KRA) na majina ya wamiliki halisi.

Sheria ya Kenya inasema nini kuhusu mbia wa kigeni?

Kampuni husajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, na mgeni anaweza kuwa mwanahisa, ingawa baadhi ya sekta zina masharti yake. Mwekezaji wa kigeni anayetaka cheti cha uwekezaji chini ya sheria ya mwaka 2004 hutakiwa kuwekeza angalau dola 100,000 za Marekani.

Jambo linalogusa Lamu na Malindi kuliko mengine yote ni ardhi. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99; na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa tu inamilikiwa na raia kwa ukamilifu. Maana yake ni kwamba shamba lako likiingizwa katika kampuni ya ubia yenye hata hisa moja ya mgeni, umiliki wake unageuka kuwa wa kukodi. Tunawasihi wenye ardhi wasiitoe kama hisa. Ikodisheni kwa kampuni ya ubia kwa mkataba wa miaka inayojulikana, mkipokea kodi, ili ubia ukivunjika shamba lirudi kwa wenyewe bila kesi.

Malipo yafanywe vipi?

Kwa shehena ya kwanza na mtu usiyemjua, tumieni barua ya dhamana ya malipo kupitia benki, ambapo benki ya mnunuzi huahidi kulipa pindi hati zilizotajwa, kama vile hati ya shehena, ankara na cheti cha chimbuko, zikiletwa zikiwa sahihi. Benki hukagua karatasi peke yake, hivyo kosa dogo la jina au tarehe huzuia fedha. Uaminifu ukikua, wabia huhamia kwenye malipo ya awali na salio baada ya kupokea. Sarafu iandikwe, na pia nani atabeba hasara shilingi ikishuka au ikipanda.

Je, ubia unaweza kufuata misingi ya Kiislamu?

Unaweza, na kwa wengi wa Lamu hilo ni sharti. Katika mudharaba mmoja hutoa mtaji na mwingine kazi. Faida hugawanywa kwa uwiano uliokubaliwa, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, ila kama mfanyakazi amezembea au amevunja masharti. Katika musharaka wote hutoa mtaji, na hasara hufuata kiasi cha mtaji wa kila mmoja. Gulf African Bank, iliyoanza kazi Kenya mwaka 2008 ikiwa na wanahisa wa hapa na wa Ghuba, yenyewe ni ubia wa aina tunayoizungumzia. Washirika wa Ghuba wanaijua mikataba hii. Wa China na Japani huenda wakahitaji kuelezwa, na hawaikatai wakiona hesabu yake.

Bandari ya Lamu imebadilisha nini?

Imebadilisha matarajio zaidi kuliko biashara, kufikia sasa. Mradi ulizinduliwa Machi 2012 na marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, na gati ya kwanza, iliyojengwa na China Communications Construction Company, ikaanza kazi Mei 2021. Kina chake kinaruhusu meli kubwa, na barabara za kuiunganisha na Ethiopia zikikamilika itawafaa wabia wengi.

Hata hivyo, wenyeji wamelipia mradi huu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa haki zao zilikiukwa na sehemu zao za kuvulia ziliharibiwa. Mwaka uliofuata, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu kwa ushirikiano wa kampuni za Kenya na za China, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa kampuni ya Asia inayosoma haya, ujumbe ni wa kibiashara kabisa: kikao cha wazi na wazee, wavuvi na akina mama wa Amu hugharimu kidogo sana ukilinganisha na mradi uliosimamishwa na mahakama. Nasi tuliowapokea wageni hao tuna wajibu wa kuwaambia hivyo mapema, hata kama tunaogopa kumpoteza mwekezaji.

Mikataba kati ya serikali inamsaidia mfanyabiashara wa kawaida?

Inamsaidia anayeifuatilia. Japani ilianzisha mkutano wa TICAD, unaohusu maendeleo ya Afrika, mwaka 1993 na ule wa 2016 ulifanyika Nairobi. China na Afrika zilianzisha jukwaa lao mwaka 2000, na India mwaka 2008. Kenya ilitia saini makubaliano mapana ya kiuchumi na Umoja wa Falme za Kiarabu Januari 2025. China iliondoa ushuru kwa nchi zenye maendeleo duni zaidi kuanzia Desemba 2024, kundi ambalo Tanzania na Uganda zimo na Kenya haimo, kisha Juni 2025 ikatangaza nia ya kuupanua msamaha huo kwa nchi 53 za Afrika. Kabla ya kupanga bei, muulize wakala wa forodha kiwango kinachotumika siku hiyo kwa bidhaa yako.

Tukigombana, tutashtakiana wapi?

Andikeni kwamba mgogoro utapelekwa kwa usuluhishi, kwa mfano katika Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi, au Singapore ikiwa mwenzako hataki Nairobi. Kenya, China, India, Vietnam, Japani na Falme za Kiarabu zote zimo katika Mkataba wa New York wa mwaka 1958, kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi unaweza kutekelezwa huko ziliko mali za mwenzako. Hukumu ya mahakama ya Malindi ni vigumu zaidi kuitekeleza Guangzhou. Mkataba ukiwa wa lugha mbili, utaje ni nakala ipi inayotawala.

Ubia unapaswa kumalizika vipi?

Kwa masharti yaliyoandikwa siku ulipoanza, wakati nyuso bado zinacheka. Taja ni nani mwenye haki ya kwanza ya kununua hisa za anayeondoka, na thamani yake itapimwa na nani. Taja kwamba mashine zilizolipiwa na kampuni ya ubia hazitang'olewa, na kwamba michoro, maelekezo ya matengenezo na nywila za mifumo yake vitakabidhiwa kwa mafundi waliofunzwa. Jina la bidhaa lisajiliwe Kenya kwa jina la kampuni ya ubia au la mshirika wa hapa, na lisajiliwe pia katika nchi linakouzwa, kwa kuwa China humpa haki ya alama ya biashara aliyetangulia kuisajili, na anaweza kutangulia mtu usiyemjua kabisa. Kazi hiyo ya usajili ifanywe kabla ya katoni ya kwanza ya sampuli kutumwa.